Kutengeneza na kuuza stika nyumbani: mwongozo kamili, kuanzia mchoro hadi oda

Stika nyingi zinazouzwa mitaani Dar es Salaam zimetoka kiwandani, zimeingia kwa kontena, na bei yake wewe mwenye printa moja chumbani huiwezi. Usishindane nazo. Anayekuja kwako anatafuta mchoro ambao hajauona kwingine: konda ananing'inia mlangoni mwa daladala, sahani ya urojo inayotoa moshi, paka amejinyoosha juu ya baraza Mji Mkongwe, msemo aliokuwa akiusikia kwa bibi yake. Akikipata hicho, bei hajadili sana.

Ila kuna jambo wachoraji wengi hulijua wakiwa wameshanunua vifaa. Katika kazi hii kuchora ndiko kufupi, na saa zako nyingi zinaliwa na kukata. Faida inapatikana au inapotea kwenye mkasi, kwa hiyo karibu kila uamuzi, tangu umbo la mchoro hadi bei, upimwe kwa swali moja: hii nitaikataje?

Hatua ya 1: Anza na seti, na iwe yako

Chagua wazo moja, lichoree stika tano au sita. Vyakula vya mtaani vinatosha kuanzia: mihogo ya kukaanga yenye kachumbari, kitumbua, mshikaki, chai ya rangi kwenye glasi, chipsi mayai. Stika moja moja hununuliwa kwa kusitasita, lakini mtu akiona tano zinazofanana mtindo anataka zote. Tena seti inajaza karatasi vizuri, hutupi vipande.

Fikiria nani atabandika wapi. Mwanafunzi wa chuo anabandika kwenye laptopu na chupa ya maji. Mtalii anataka kitu chepesi cha kuingiza kwenye begi. Wapo pia wajasiriamali wanaotengeneza asali, pilipili ya chupa, mafuta ya nywele na sabuni, nao wanahitaji lebo. Hawa wa mwisho hawakupi sifa Instagram, lakini wanarudi kila bidhaa ikiisha. Ukiwapata watatu wanne, kodi ya nyumba imepata wa kuilipa.

Sasa suala la haki, na hapa vishawishi ni vingi. Nembo za Simba na Yanga, katuni za Kijapani na sura za wanamuziki zinauzika haraka, lakini zina wenyewe. Tanzania tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, Kenya wana Sheria ya Hakimiliki ya 2001, na kote kuwili kazi ya sanaa inalindwa kwa maisha yote ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Mtindo haumilikiwi hivyo. Edward Saidi Tingatinga alianzisha staili yake Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, na leo hakuna wa kukuzuia kuchora chui mwenye madoa mazito kwenye rangi kali. Ila kupiga picha mchoro fulani wa fundi aliye hai, ukaupunguza ukawa stika, huo ni wizi. Kwenye kanga ni vivyo hivyo: methali ni ya wote, lakini lile pambo la mji na pindo kuna mtu alilibuni. Picha za bure zilizomo kwenye programu za usanifu nazo soma masharti yake, kwa sababu nyingi haziruhusu kuuzwa zilivyo kama stika.

Hatua ya 2: Chora ukijua utakata

Mkia wa paka ukitoka peke yake, mwembamba kama uzi, utakupa tabu mara mbili. Utakusumbua kuukata, kisha mteja akibandika ndio utakaoinuka wa kwanza. Mkunjie mkia ubavuni. Antena ya redio, miguu ya twiga, mpini wa kijiko, vyote viegemeze kwenye mwili wa mchoro au uvizungushie mpaka mweupe mpana unaoviunganisha.

Mpaka huo mweupe ndio rafiki yako. Uache milimita 2 hadi 3 kuzunguka mchoro wote, mkono ukiteleza kidogo hakuna atakayeona. Kama unataka rangi ifike hadi ukingoni bila mpaka, basi irefushe ipite mstari wa kukatia kwa milimita 3, usije ukabaki na ukucha mweupe upande mmoja.

Mduara kamili ni mgumu kwa mkasi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu jicho linaona kosa dogo kabisa. Umbo la yai au la wingu linasamehe. Mstatili wenye pembe za mviringo ndio mwepesi kuliko yote, hasa ukiwa na kile kibanio cha kukatia pembe kinachouzwa steshenari. Katika seti ya sita, matatu yawe ya aina hii.

Kwa ukubwa, sentimeta 5 hadi 7 ndio wa kawaida. Maandishi yasishuke chini ya milimita 3 kwenda juu. Chora kwenye faili lenye ubora wa nukta 300 kwa inchi: stika ya sentimeta 6 inahitaji pikseli 709 hivi kila upande, na ni busara kuchora kwa pikseli 1500 au zaidi ili siku ukitaka bango usianze upya. Kwenye simu, ibisPaint inatosha. Kwenye kompyuta, Krita, GIMP na Inkscape ni za bure. Hifadhi kama faili la picha la PNG lisilo na rangi ya nyuma.

Unayependa brashi na karatasi, chora hivyohivyo, mara mbili ya ukubwa wa stika, kisha skani. Huna skana? Piga picha mchana karibu na dirisha, kivulini, simu ikiwa sambamba na karatasi, flashi imezimwa.

Hatua ya 3: Vifaa

Karatasi ya stika ya kawaida ni rahisi na inakubali wino vizuri, lakini maji yakiigusa imekwisha. Inafaa bahasha, daftari na lebo za vitu vikavu. Vinili nyeupe, yaani karatasi ya plastiki yenye gundi nyuma, haichaniki, inavumilia maji, na ndiyo wateja wa chupa na laptopu wanayoitaka. Ipo ya kung'aa na isiyong'aa, nami naipendelea isiyong'aa kwa sababu haionyeshi alama za vidole. Vinili angavu inavutia dukani, ila kumbuka printa ya nyumbani haina wino mweupe: palipo peupe kwenye mchoro patakuwa kioo, na stika ikibandikwa kwenye chupa nyeusi mchoro unapotea.

Soma pakiti kabla ya kulipa. Vinili ya printa za wino usiiingize kwenye printa ya leza. Leza inayeyusha unga wa wino kwa joto, na joto hilo litaikunja vinili ndani ya mashine. Gharama ya fundi itazidi faida ya mwezi.

Printa za wino zenye matangi ndizo nafuu kwa kazi hii. Wino wake wa rangi kwa kawaida ni wa dai, yaani rangi iliyoyeyushwa kabisa, unang'aa vizuri lakini unachuja ukilowa na kupauka juani. Wino wa pigimenti, wenye chembe ndogo za rangi zisizoyeyuka, unavumilia zaidi, ila printa zake ni ghali. Ukitumia wa dai, laminesheni, yaani kuifunika stika kwa filamu angavu, haina mjadala.

Mengine ni madogo: filamu ya laminesheni baridi, yaani ile ya kubandika isiyohitaji moto, mkasi mdogo wenye ncha kali, kisu cha karatasi na wembe za akiba, rula ya chuma, ubao wa kukatia, spiriti na pamba. Zile pochi za laminesheni ya moto za steshenari ziache, zitaharibu gundi.

Kwa sisi wa pwani kuna adui mwingine, unyevu. Karatasi ya stika ikikaa wazi inajikunja pembe, na iliyojikunja inakwama kwenye printa au inaburuzwa na kuacha michirizi. Irudishe kwenye pakiti yake, ilaze, weka kitabu kizito juu. Vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu usivitupe, vitie humo.

Mtaji ukiwa mdogo, usinunue printa kwanza. Maduka ya uchapaji ya Kariakoo, na ya River Road kwa walio Nairobi, yanachapa vinili kwa mashine kubwa. Peleka faili lako limepangwa vizuri, chapisha karatasi moja au nusu mita, nenda kakate nyumbani. Ukiuza hizo ndipo uongee habari za printa. Asiye na hata hiyo anaweza kuchora moja kwa moja juu ya karatasi ya stika kwa maka peni za kudumu, akafunika kwa seloteipu pana angavu. Jaribu kwanza kwenye kona, kwani zipo maka zinazosambaa gundi ya seloteipu ikizigusa.

Hatua ya 4: Kuchapa

A4 ina milimita 210 kwa 297. Ukiacha sentimeta moja pembeni, stika za sentimeta 6 zinaingia 12: tatu kwa upana, nne kwa urefu, nafasi inabaki ya kupitisha mkasi. Usizibane ili uongeze nyingine kwa uchoyo wa karatasi. Utakuja kulipa kwa kuharibu za jirani wakati wa kukata.

Kwenye mipangilio ya printa chagua aina ya karatasi iliyo karibu na yako (kwa vinili ya kung'aa, karatasi ya picha ya kung'aa) na ubora wa juu. Weka karatasi moja moja. Zikiwekwa kumi, mbili zitaingia zimeshikana.

Rangi ya skrini inatoka kwenye mwanga na ya karatasi inatoka kwenye wino, hivyo bluu ya umeme na kijani cha ndimu vitapoa vikichapwa. Kata kipande cha robo ya vinili, chapa vipande vya rangi zako kuu, vitazame mchana nje. Ndipo urekebishe faili. Na kama kwenu umeme ni wa kubahatisha, usianze kuchapa wakati taa zinapepesa: karatasi iliyokatikia njiani hairudishiki.

Printa isikae wiki nzima bila kazi. Wino hukauka kwenye vitundu vya kichwa. Chapa hata picha ndogo yenye rangi zote.

Hatua ya 5: Laminesheni

Acha wino ukauke kwanza, ikiwezekana usiku kucha. Ukifunika ungali mbichi, filamu haitashika sawasawa na baada ya siku chache utaona ukungu chini yake. Futa meza, nawa mikono, zima feni. Najua ni Dar na ni Februari, lakini feni ndiyo inayoleta vumbi, na kila chembe itakayoangukia vinili itakuwa kipele cha kudumu.

Kata filamu iizidi karatasi kwa sentimeta moja kila upande. Bandua ganda lake sentimeta mbili tu upande wa juu, ulikunje kwa nyuma. Laza ukingo huo wenye gundi juu ya karatasi, bonyeza kwa gumba kuanzia katikati kwenda pembeni. Sasa mkono mmoja unavuta ganda polepole kutoka chini ya filamu, mkono mwingine unafuata nyuma yake na kadi ngumu, kadi ya benki iliyoisha muda inafaa, umeivika kitambaa laini. Usivute ganda mbali mbele ya kadi. Filamu ikilala yenyewe kabla ya kadi kupita, hapo ndipo viputo vinazaliwa. Kiputo kidogo kitoboe kwa sindano, kibonyeze. Mkunjo hauna dawa, stika hiyo itoe kwenye hesabu.

Hatua ya 6: Kukata

Anza kwa kutenganisha karatasi iwe vipande vya mraba, kila stika na chake. Kushika A4 nzima huku unazungusha mkasi kunachosha mkono na kunaacha kingo zenye meno.

Halafu mkono wa mkasi utulie mahali pamoja. Kinachozunguka ni stika, mkononi mwa kushoto kama unatumia kulia. Tumia sehemu ya ndani ya makali, usikate kwa ncha, na usifunge mkasi hadi mwisho: kabla haujafumba, fungua kidogo usogeze mbele. Kila ukifumba mkasi kabisa unaacha kikona, na mteja atakiona kwa kidole kabla ya jicho. Kwenye kona za ndani, mathalani kati ya masikio ya paka, kata kutoka upande mmoja, toka, ingia upande wa pili. Gundi ikianza kuganda kwenye makali, yafute kwa pamba yenye spiriti.

Ukitaka karatasi nzima ya stika ndogo ambayo mteja anabandua mwenyewe, kisu kinapaswa kupita kwenye vinili na kuliacha ganda la nyuma zima, kama anayemenya chungwa bila kuitoa ngozi nyeupe. Tia wembe mpya, jaribu uzito wa mkono kwenye kona isiyo na mchoro, bandua uone. Wembe butu unakulazimisha kukandamiza, na ukikandamiza unatoboa ganda.

Stika iliyokatwa hadi ukingoni ina kero moja: kubandua. Chora mstari mwepesi kwa kisu nyuma, kwenye ganda pekee, mteja akiikunja kidogo ganda linafunguka. Wachache wanaofanya hivi, na wateja wanakumbuka.

Mashine za kukata za Cricut na Silhouette zinasoma alama zilizochapwa pembeni na kukata zenyewe. Ni nzuri, na ni ghali kwa anayeanza. Subiri mpaka oda ziwe zinakuchelewesha kulala.

Jaribu kabla hujauza

Bandika stika kwenye chupa iliyofutwa kwa spiriti, acha siku nzima gundi ishike, kisha ioshe kama unavyoosha vyombo kila siku. Nyingine iloweke kwenye bakuli usiku. Ya tatu ibandike kwenye kioo cha dirisha linalopigwa jua, nusu yake umeifunika kwa foili, baada ya wiki kadhaa ulinganishe nusu mbili. Majibu utakayopata ndiyo utakayowaambia wateja. Ukiulizwa stika ya bajaji au kofia ya bodaboda, na wewe unachapa kwa wino wa dai, sema hapana au ipeleke kwa wenye mashine kubwa. Jua la barabarani litakuaibisha.

Bei

Hizi ni namba za mfano, weka zako. Karatasi ya vinili sh 1,500, filamu 800, wino 400: jumla 2,700. Zinatoka stika 12, lakini hesabu 10, mbili ni za kuharibika. Kila moja imekula 270. Bahasha na kadi 150. Halafu kazi: kama karatasi moja inakuchukua dakika 40 kukata, na saa yako umeithamini 3,000, hiyo ni 2,000 kwa karatasi, 200 kwa stika. Tumefika 620.

Ukiuza 1,500 mwenyewe, unabaki na 880. Duka likichukua asilimia 30, unapokea 1,050 na kubaki na 430. Ukiuza 800 kwa sababu rafiki kasema 1,500 ni ghali, dukani huwezi kuingia kabisa. Seti ya tano kwa 6,000 inagharimu 2,500 kwa kuwa bahasha ni moja, na 3,500 ni yako kwa mteja mmoja. Ndiyo maana nasisitiza seti. Angalia pia kwamba ukipunguza dakika 40 zikawa 25 kwa kuchora maumbo rahisi, faida imepanda bila kugusa bei.

Kuuza

WhatsApp Business ina katalogi. Weka kila seti na bei yake, msomaji asilazimike kuuliza. Picha ya stika iliyobandikwa kwenye chupa halisi, mkono umeishika, inauza kuliko faili safi la kompyuta. Malipo kwa M-Pesa au mtandao wowote anaotumia mteja, kabla ya kutuma. Ndani ya mji tuma na boda, mikoani mpe wakala wa basi. Kwa Waswahili walio Muscat, London au Toronto stika ni biashara nzuri, maana inaingia kwenye bahasha ya barua na Posta inaibeba kwa uzito mdogo.

Fungasha kwa bahasha ya kaki na kipande cha boksi kigumu ndani ili isikunjwe. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu 28 Agosti 2017 na Tanzania Bara tangu 1 Juni 2019, na bahasha ya kaki ukiipiga muhuri wako inapendeza kuliko nailoni.

Uso kwa uso, tafuta palipo na watu wa rika la wateja wako: magulio ya sanaa kama yanayofanyika Nafasi Art Space kule Mikocheni, Zanzibar wakati wa Sauti za Busara, bazaa za vyuo. Panga stika kwenye ubao wima. Zikilala mezani hazionekani. Beba chenji.

Maduka ya vitabu, kahawa na zawadi mengi hayatanunua, yatataka mali kauli. Mwenye duka atakuambia, "Dada, acha hapa, zikitoka nakutumia." Jibu kwa heshima: "Sawa kaka, ila tuziandike kwanza." Daftari la nakala mbili: tarehe, jina la kila mchoro, idadi, bei, asilimia yake, sahihi zenu. Mpe chache, tuseme nne za kila aina, rudi baada ya wiki mbili, hesabuni pamoja, chukua chako, jaza zilizopungua. Zisizotoka ziondoe upeleke kwingine. Duka lisilolipa mara mbili mfululizo, chukua mzigo wako na salamu.

Oda maalumu za lebo na stika za harusi zidai nusu ya malipo kabla ya kuchora, na idhini ya mteja kwa maandishi kwenye WhatsApp kabla ya kuchapa. Jina la bwana harusi likikosewa herufi, ujumbe huo ndio utakaoamua nani analipia karatasi. Biashara ikishasimama, TIN, yaani namba ya mlipa kodi, ya Mamlaka ya Mapato (TRA) haina ada, na jina la biashara husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Wenye maduka makubwa na kampuni watakuomba risiti, na bila hiyo oda ya lebo elfu moja itakwenda kwa mwingine.